Buibui wa Ziwa Victoria hanyonyi damu yako, anamla mbu aliyeinyonya

Juzi nimetumiwa tena picha ya buibui aliyepondwa ukutani kwa kandambili, na swali ni lile lile: "Huyu si ndiye yule vampaya anayenyonya watu damu usiku?" Jamani. Nimelijibu hili swali mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naliandika lote hapa, nikiulizwa tena natuma linki.

Anaitwa Evarcha culicivora. Ni buibui mrukaji, milimita 5 hivi, anaishi Kenya na Uganda kandokando ya Ziwa Victoria, jina la kisayansi alipewa 2003. Hatandi utando wa kunasia windo, anawinda kwa macho. Na damu anaipenda kweli, hilo sikatai, ila anaipata kwenye tumbo la mbu jike aliyekwisha kumuuma mtu au mnyama. Mbu ana mrija wa kutoboa ngozi na kuvuta damu, buibui hana. Yeye anauma windo kwa chelisera, yaani taya zake zenye meno makali, analimwagia maji ya kumeng'enya, halafu anafyonza ule uji. Kwa mdomo huo hawezi kukunyonya wewe hata akitembea mkononi asubuhi mpaka jioni.

Kilichochochea moto ni habari ya soksi. Utafiti wa 2011 ulionyesha kwamba hawa buibui wanakaa muda mrefu zaidi panaponuka soksi iliyovaliwa kuliko penye soksi safi, basi watu wakasoma kichwa cha habari tu wakaamua anatuwinda sisi. Hapana! Harufu ya mtu kwake ni kama harufu ya jiko kwa mwenye njaa, hapo ndipo chakula kinapokuja, na chakula chenyewe ni mbu.

Halafu kuna kundi la pili, wale wanaosema basi tuwafuge tuwasambaze kila kijiji malaria iishe. Hawa nawaelewa zaidi ila nao wananipa tabu. Wanaowabishia wanasema buibui amechelewa, mbu keshauma, na hiyo pia sio sahihi, kwa sababu mbu aliyenyonya vimelea vya malaria leo hawezi kuviambukiza kesho, vinahitaji kama siku 10 au zaidi kukomaa ndani yake, kwa hiyo kumla akiwa ameshiba leo ni kumkata kabla hajamfikia mtu wa pili. Hesabu hiyo inanivutia sana. Lakini majaribio mengi tunayoyategemea yamefanyika maabara, mbu mfu amebandikwa kwenye kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, kama vile amekaa hai, ili tujue buibui anachagua kwa umbo na sio kwa sababu windo limetikisika. Ni jaribio zuri, ila ukutani kwa mtu hakuna koki, na mbu ni wengi mno kwa kiumbe wa milimita 5. Kuna siku naamini wanapunguza kitu, kuna siku siamini, na kuwahamishia mahali ambapo hawajawahi kuishi mimi siungi mkono.

Nikipewa dakika moja na mwenye kandambili ningemwonyesha mtoto wa huyu buibui, ambaye ni mdogo hata kuliko mbu anayemwinda. Mbu wa anofelesi, wale wanaoeneza malaria, akitua anainua tumbo juu, kichwa chini, na yule mtoto analijua hilo pozi bila kufundishwa na mama yake. Haendi moja kwa moja. Anazunguka mbali, anatokea nyuma, anapita taratibu chini ya lile tumbo lililoinuliwa, kisha anashambulia kutoka chini. Nimekaa nimeinama juu ya bakuli la kioo mpaka shingo ikauma, nasubiri hatua hiyo ya mwisho, na kila akiruka nashtuka kama ndio mara ya kwanza.