Kinoo cha rangi mbili si lazima kiwe cha kiwandani

Hapa Lubumbashi, wengi waliorithi vifaa vya vinyozi wa zamani huamini kwamba kinoo chenye upande wa manjano na upande mweusi ni cha kiwandani: mweusi wa kuanzia, manjano wa kumalizia. Imani hiyo ina sababu. Vinoo vya dukani vyenye pande mbili hufanya kazi hivyohivyo.

Lakini kuna jiwe la asili linalofanana navyo. Huitwa coticule, na lilichimbwa milima ya Ardennes, Ubelgiji, hasa karibu na Vielsalm. Tabaka la manjano ni jembamba na huvunjika upesi, kwa hiyo liliachwa likiwa limeshikana na mwamba wake wa bluu au likagundishwa juu ya jiwe jeusi ili kulishikilia. Kazi ya kunoa wembe wa kukunja hufanywa na chembe ndogo sana za ganeti, madini magumu, zilizomo ndani ya manjano. Jiwe jeusi lililogundishwa ni tegemeo tu. Ukianzia huko unapoteza muda.

Osha jiwe kwa sabuni na mswaki, likauke, kisha litazame ubavuni kwa kioo cha kukuzia. Mstari ulionyooka wenye gundi ni wa kubandikwa. Mpaka unaoyumba ni wa asili. Dondoshea maji: kinoo cha kiwandani mara nyingi huyanywa upesi, coticule huyaacha juu. Usikihukumu kwa rangi peke yake, maana mawe meusi ni mengi. Na tafadhali, usikikwangue kwa msasa kabla hujajua ulichokishika. Lile tabaka la manjano likiisha, halirudi.