Kansa ya damu si ugonjwa wa Wazungu

Hapa Uganda bado unasikia watu wanasema kansa ya damu ni ya Wazungu, mtoto wetu akivimba taya basi karogwa, hospitali hawawezi kitu. Sio kweli jamani, na inauma kwa sababu ushahidi umetoka hapahapa, hospitali ya Mulago, Kampala.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuja Uganda 1946. Pale Mulago akaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, akaandika habari zao 1958, halafu 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari wakazunguka mpaka Afrika Kusini wakiuliza hospitali kwa hospitali, wakakuta ugonjwa unafuata sehemu za joto na mvua, yaani kulekule kwenye malaria nyingi. Ni kansa ya chembe nyeupe za damu, limfoma. Vipande vya uvimbe vikapelekwa London kwa ndege, na 1964 mtafiti Epstein na wenzake wakaona kirusi ndani yake. Kirusi chenyewe karibu sote tunacho, ila wachache sana wanapata kansa, kwa hiyo usimkimbie mtoto mgonjwa, kansa yake haiambukizi.

Na inatibika! Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianza 1967 kwa ajili ya watoto hawa, madaktari akina John Ziegler na baadaye Charles Olweny wakawatibu kwa dawa za kuua seli za kansa, na wengi wakapona kabisa.