Ligne sio mstari tu, na route sio ruti

Wengi wanaoanza Kifaransa wakikutana na ligne wanaandika "mstari" pembeni ya daftari, wanafunga kazi. Sio uongo, ila ukitua Paris na maana hiyo moja utahangaika, maana kule ligne ndo ruti yenyewe. Metro yao, zile treni za mjini zinazopita chini ya ardhi, ilianza na ligne 1 tarehe 19 Julai 1900, na leo ukiangalia ramani utakuta namba za kawaida alafu 3bis na 7bis, watu wanadhani hiyo bis ni treni ya haraka au tawi la ile kubwa, hapana, ni ligne inayojitegemea kabisa, kweli 7bis zamani ilikuwa tawi la 7 lakini waliitenga 1967.

Inayotuponza zaidi sisi wa "ruti ya Mbagala" ni hii ya kuulizia basi kwa neno route. Kwa Mfaransa route ni barabara, ile ya lami. Basi lina ligne. Na ukishajua namba bado hujamaliza bana, uliza linaelekea wapi, kwa sababu vibao vya metro vinataja kituo cha mwisho, ligne 1 kwa mfano upande mmoja ni La Défense na mwingine Château de Vincennes, ukipanda kichwa kichwa unajikuta unazidi kuachana na unakokwenda.

Stesheni kubwa utaona kibao Grandes lignes. Sio reli pana, ni treni za masafa marefu tu. Na reli ambayo treni yako inasimama haiitwi ligne, ni voie, wakitangaza voie 9 kimbilia huko.

Foleni? Ufaransa ni faire la queue, yaani mkia, ingawa ukiwa Quebec kule Kanada hata faire la ligne utaisikia.

Simu nayo ina ligne, sawa, ila laini ile ya kuchomeka, Dakar au Abidjan omba puce (ndio, kiroboto!). Na mtu akikwambia anataka garder la ligne usidhani anakuomba usikate simu, hiyo ni ne quittez pas, yeye anaongelea shepu, hataki kunenepa.

Kwenye imla mwalimu akisema point, à la ligne, usiyaandike hayo maneno, weka nukta ushuke uanze aya mpya.