Viv Richards kwanza: jinsi ninavyowapanga wapigaji wa kriketi ya siku moja

Tarehe 7 Juni 1975, siku ya kwanza ya Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, wapigaji wawili walianza zamu ya timu zao na kuimaliza bila kutolewa. Edgbaston, Glenn Turner wa New Zealand alipata mikimbio (alama za kriketi) 171 kwa mipira 201 dhidi ya timu ya Afrika Mashariki, ile iliyochanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Lord's, Sunil Gavaskar wa India alipata 36 kwa mipira 174, wakati India ilikuwa ikiifukuzia Uingereza iliyofikisha 334. Ova zote 60, kila ova mipira sita, zikaisha India ina 132, na wiketi saba zingali mkononi, yaani wapigaji watatu tu ndio waliotolewa.

Sasa chukua kanuni ya wastani wanayoitumia watu wote: mikimbio gawanya kwa idadi ya mara mtu alizotolewa. Kwa siku ile Turner hana wastani, Gavaskar naye hana, maana hakuna kugawanya kwa sifuri. Mmoja aliibeba timu na mwenzake aliizamisha, lakini kanuni haioni tofauti.

Mimi ni mtakwimu. Kinachonipa mshahara hapa Kigoma ni rekodi za uvuvi, na kriketi ni ulevi wangu wa jioni. Mji huu ni wa Simba na Yanga, kwa hiyo sisi wachache tunaofuata kriketi tunajuana kwa majina. Mbishani wangu mkubwa ana duka la vipuri kule Mwanga, na kwake yeye mjadala ulishafungwa: Sachin Tendulkar wa India, basi. "Mara arobaini na tisa kafikisha mia, ndugu yangu. Wewe una nini?" Nina haya yafuatayo.

Mchezo wa siku moja wa leo unaipa timu vitu viwili vya kutumia: mipira 300 na wiketi 10. Ukigawa, kila wiketi ina mipira 30. Mpigaji anakula vyote viwili. Akitolewa, kala wiketi; akipoteza mipira bila kupata mikimbio, kala mipira. Wastani unapima ulaji wa wiketi tu. Kasi, yaani mikimbio kwa kila mipira 100, inapima ulaji wa mipira tu. Michael Bevan wa Australia ana wastani wa 53.58 na kasi ya 74.16. Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka ana wastani wa 32.36 na kasi ya 91.20. Kwa hesabu hiyo Bevan alikaa mipira 72 hivi kabla ya kutolewa, Jayasuriya 35. Ukimtazama kila mmoja kwa kipimo chake, wote ni wafalme. Ndiyo maana mimi huzidisha wastani kwa kasi kisha nagawanya kwa 100. Si kanuni niliyoivumbua, wala haina siri. Bevan anapata 39.7, Jayasuriya 29.5, Tendulkar 38.7, Richards wa West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, 42.4, AB de Villiers wa Afrika Kusini 54.1.

Wapo wanaosema Bevan amebebwa, kwa sababu katika zamu 196 alibaki bila kutolewa mara 67. Wanataka mikimbio igawanywe kwa zamu, na wastani wake ushuke hadi 35.3. Hapo nakataa. Zamu iliyokatwa na kuisha kwa ova si zamu iliyoshindwa. Ni zamu ambayo hatukuona mwisho wake. Kuihesabu kana kwamba alitolewa ni kumwadhibu kwa sababu kocha alimpanga wa sita. Kosa lake, kama lipo, ni kasi, na kasi tumeshaitoza.

Jambo la pili linahusu uchache. Ryan ten Doeschate wa Uholanzi ana wastani wa 67.00. Ni halali kabisa, na zamo ndani yake mia moja na kumi na tisa alizowapiga Uingereza pale Nagpur kwenye Kombe la Dunia la 2011. Ila alipiga zamu 32 tu na kutolewa mara 23. Wengi huweka kizingiti, labda mikimbio 3,000, aliye chini yake afutwe. Vizingiti sivipendi, vinamfuta mwenye 2,999. Mimi kila mtu namwongezea "kutolewa" 30 kwa kubuni, kila kimoja kikiwa na mikimbio 35. Hiyo 30 na hiyo 35 nimechagua mwenyewe, ukipenda badilisha. Ten Doeschate anaporomoka kutoka 67.00 hadi 48.9. De Villiers, aliyetolewa mara 179, anatikisika kidogo tu, kutoka 53.50 hadi 50.8. Mwenye ushahidi mwingi hasumbuliwi na nyongeza, mwenye ushahidi kidogo anarudishwa karibu na wenzake mpaka atakapoonyesha zaidi.

Mpaka hapo de Villiers anaongoza na mtu mwingine angefunga daftari. Lakini kuna suala la zama, na hapa ndipo kazi ilipo.

Kazini nikiletewa rekodi ya mtumbwi uliojaza ndoo nyingi za dagaa kwa usiku mmoja, siulizi kwanza ndoo ngapi. Nauliza kama kulikuwa na giza au mbalamwezi, na kama mitumbwi mingine iliyowasha taa usiku uleule ilipata nini. Mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haifui dafu, na hodari kuliko wote anaweza kurudi na robo ndoo.

Richards alicheza kati ya 1975 na 1991. Kanuni ya kuwazuia walinzi wasitawanyike mbali katika ova 15 za mwanzo ilikuja kuenea kuanzia Kombe la Dunia la 1992, yeye ameshaondoka. Kuanzia Oktoba 2011 hadi katikati ya 2025 kila upande wa uwanja ukapewa mpira wake mpya, hivyo mpira haukuwa tena unachakaa na kuanza kupinda kinyume mwishoni kama zamani. Juu ya hayo, magongo yamenenepa na mipaka imesogezwa ndani; yote hayo yanamrahisishia mpigaji. Kasi ya 90 ya mwaka 1984 na kasi ya 90 ya mwaka 2015 zinafanana kwa tarakimu tu. (Richards hakuwahi kuvaa helmeti. Hilo halimo katika hesabu zangu, ila silisahau.)

Basi nitafute mitumbwi ya usiku uleule. Njia nyepesi ni kuwachukua wapigaji wa timu yake mwenyewe, waliocheza viwanja vilevile dhidi ya warushaji walewale. Gordon Greenidge: wastani 45.03, kasi 64.92. Desmond Haynes: 41.37 na 63.09. Hawa si watu wa kubeza, ni jozi ya kufungua zamu iliyoogopwa dunia nzima. Richards: 47.00 na 90.20. Kwa wastani anawazidi kiduchu, mara 1.09. Kwa kasi anawazidi mara 1.41. Zidisha: 1.53.

De Villiers nimempimia Hashim Amla, 49.46 na 88.39, na Faf du Plessis, 47.47 na 88.60. Wastani anawazidi mara 1.10, karibu sawa na Richards kwa wenzake. Kasi yake ya 101.09, ile inayotutoa macho, inawazidi mara 1.14 tu. Jumla 1.26. Huyu ndiye aliyepiga mia kwa mipira 31 Johannesburg mwaka 2015, lakini katika zama zake kupata mikimbio kwa kasi kulikuwa kumeenea.

Virat Kohli wa India, ukimlinganisha na wenzake Rohit Sharma na Shikhar Dhawan, anapata takriban 1.25, na karibu yote inatokana na wastani. Kasi yake na yao ni pua na mdomo. Bevan dhidi ya wenzake Mark Waugh na Ricky Ponting anapata 1.24.

Kisha Tendulkar. Nilimpimia Sourav Ganguly, 41.02 na 73.70, na Rahul Dravid, 39.16 na 71.24. Akatoka na 1.33. Nilipompelekea mwenye duka alifurahi kama aliyepokea mzigo wake bandarini. Furaha haikudumu, kwa sababu Virender Sehwag naye alikuwa mwenzake, wastani 35.05 na kasi 104.33. Ukimwingiza awe wa tatu, Tendulkar anashuka hadi 1.21. "Sehwag simtaki humo," akaniambia. Nikamwuliza kwa nini. "Yule alikuwa anacheza mchezo wake mwenyewe."

Ana hoja, kiasi. Kipimo hiki kinategemea sana nani umemwita mwenzake. Kwa hiyo nikamfanyia Richards kilekile: nikamwongezea Clive Lloyd, mwenye kasi kubwa kwa wakati ule, 39.54 na 81.22. Richards akashuka kutoka 1.53 hadi 1.45. Bado yuko juu ya hao wote niliowataja, tena kwa pengo, na hapo ndipo niliporidhika naye. Mwenzake wa karibu zaidi kwa kasi bado yuko nyuma kwa mikimbio tisa kwa kila mipira 100. Tarehe 31 Mei 1984 pale Old Trafford, West Indies walikuwa 166 na wiketi tisa zimekwenda; yeye na Michael Holding wakaongeza 106 bila kutengana. Timu ikaishia 272, na 189 zilikuwa zake, asilimia 69. Mwenzake aliyefuata kwa mikimbio alikuwa na 26.

Dosari yake moja siwezi kuifuta kwa hesabu. Warushaji wa kutisha kuliko wote wa zama zile, Holding, Joel Garner, Malcolm Marshall, walikuwa upande wake. Greenidge na Haynes hawakukutana nao pia, ndiyo maana uwiano wangu hauchafuki, lakini ukitaka kumlinganisha na Javed Miandad wa Pakistan au Allan Border wa Australia, hao waliwakabili na yeye hakuwakabili.

Ukiuliza nani alizalisha kingi zaidi, orodha inageuka. Kwa kila kutolewa hesabu mikimbio inayozidi 35, kisha jumlisha maisha yake yote ya mchezo: Tendulkar ana ziada ya 4,000 na kitu, de Villiers 3,300, Richards 1,700 tu, ingawa kwa zama zake 35 ni kizingiti kikali. Kohli, aliyevuka mikimbio 14,000 kwa wastani unaozidi 57, anapita 5,000. Ndiyo maana namweka Kohli wa pili na Tendulkar wa tatu, de Villiers wa nne. Nusu ya uzito nimeupa uwiano na nusu ziada, na Richards anabaki wa kwanza kwa kuwa pengo lake kwenye uwiano ni pana mno.

Nafasi ya tano ndiyo iliyonisumbua. Bevan alikuwa amekaa hapo vizuri mpaka nilipomfikia Zaheer Abbas wa Pakistan: wastani 47.62, kasi 84.80, katika miaka ileile ya Richards. Dhidi ya Miandad, 41.70 na 67.01, anapata 1.45, sawa kabisa na Richards akiwa na Lloyd pembeni. Shida ni zamu 60 tu. Nyongeza yangu ya kubuni inamshusha hadi 43.1, na ziada yake haifiki 700. Nimemwacha Bevan wa tano na Zaheer wa sita, na kati ya maamuzi yote sita hilo ndilo ningelibadilisha upesi, mtu akinionyesha wenzake wengine wa Pakistan wa kumpimia.