Malipo ya uhariri wa Kiingereza Ujerumani: yanayosemwa na yalivyo

Vyuo na taasisi za utafiti za Ujerumani huchapisha makala nyingi kwa Kiingereza, na makala hizo huhitaji mtu wa kuzinyoosha kabla hazijafika kwenye jarida. Wakenya, Watanzania na Waganda wanaoishi huko wanaiweza kazi hii. Kinachowaponza ni lile swali la "unataka kiasi gani?", ambalo hulijibu kwa kufuata maneno waliyoyaokota kwa waliowatangulia.

"Bei kamili ni ya Mwingereza na Mmarekani." Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu amesoma kwa Kiingereza miaka na miaka, tasnifu ameiandika kwa Kiingereza, halafu anajishusha bei mwenyewe kabla mteja hajasema lolote. Mteja anataka makala ambayo jarida halitairudisha kwa sababu ya lugha, basi. Mwonyeshe kurasa mbili ulizohariri, masahihisho yote yakionekana: hapa umeivunja sentensi ya mistari sita, pale umemuuliza mwandishi mbona jedwali linasema wagonjwa 48 na aya inasema 84. Anayekamata kosa kama hilo anastahili bei kamili, awe amezaliwa Leeds au Morogoro. Hata sheria inaelekea huko. Mwaka 2017 Mahakama ya Shirikisho ya Kazi iliamua kwamba tangazo linalotaka mwombaji ambaye Kijerumani ni lugha yake ya mama linaweza kuwa ubaguzi wa asili. Kesi ilihusu Kijerumani, lakini hoja yake inakugusa: mwajiri apime umahiri wako.

"Euro 20 kwa saa ni hela nyingi." Ni nyingi ukizigeuza shilingi, ila kodi ya nyumba hutailipa kwa shilingi. Tupige hesabu. Aliyejiajiri hahariri saa 40 kwa wiki. Kuna kutafuta wateja, kuandika ankara, kujibu barua pepe. Tuseme saa 25 zenye malipo, kwa wiki 44. Hizo ni saa 1,100, yaani euro 22,000 kwa mwaka. Bima ya afya na ya matunzo (ya kuhudumiwa ukiwa hujiwezi), ambazo unazilipa peke yako, zinachukua takriban moja ya tano. Zimebaki kama 17,600, na bado hujalipa kodi ya mapato wala kuweka chochote cha uzeeni. Sasa mtazame anayelipwa kima cha chini cha kisheria, euro 13.90 kwa saa kuanzia Januari 2026. Akifanya saa 40 kwa wiki anapata karibu euro 28,900 kwa mwaka kabla ya makato. Mwajiri wake hubeba takriban nusu ya michango ya bima na pensheni, humpa likizo ya malipo isiyopungua wiki 4, na akiugua huendelea kumlipa hadi wiki 6. Kwa euro 20 za kujiajiri, basi, uko chini ya mfagizi wa ofisi unayoihariria. Ukiambiwa ndiyo bei ya soko, toa karatasi uwafanyie hesabu hii.

"Kazi ya chuo haina mjadala, mshahara uko kwenye jedwali." Nusu yake ni kweli. Vyuo vingi vya umma hufuata mkataba wa pamoja wa majimbo, TV-L, na kundi la mshahara huamuliwa na majukumu ya nafasi yenyewe. Lakini ndani ya kundi kuna ngazi, na hapo ndipo pa kuzungumzia. Uzoefu wa mwaka mmoja unaolingana na kazi hiyo hukuingiza ngazi ya 2, na miaka mitatu kwa kawaida hukufikisha ya 3. Zaidi ya hapo, mwajiri anayehitaji watu anaruhusiwa kuhesabu kazi nyingine za nyuma zinazoisaidia kazi mpya. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba uzoefu huo lazima uwe wa Ulaya. Tatizo huwa ni ushahidi. Barua inayosema "alikuwa mtumishi mwaminifu na mchapakazi" haitakusaidia. Inayosema "alihariri makala za utafiti wa kilimo kwa Kiingereza, Machi 2019 hadi Juni 2022, muda kamili" ndiyo itakayokusaidia. Iombe kwa mwajiri wako wa zamani, iwe Nairobi au Dodoma, na uipeleke kabla ya kutia sahihi. Ukishasaini, kuibadilisha ngazi ni shughuli pevu.

"Ukitaja kiasi mapema utaonekana una tamaa." Matangazo mengi ya kazi huko, hasa ya kampuni, yenyewe humtaka mwombaji aandike kwenye barua mshahara anaoutarajia. Taja wa mwaka mzima, kabla ya makato. Na usidhani unalazimika kueleza ulikuwa unalipwa kiasi gani nyumbani: Agizo la Umoja wa Ulaya la 2023 kuhusu uwazi wa mishahara linamkataza mwajiri kuuliza hilo, na linamtaka akujulishe kiwango cha nafasi hiyo mapema. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao.

"Bei kwa ukurasa inaeleweka." Ukurasa upi? Wengine huhesabu herufi 1,800 pamoja na nafasi, wengine 1,500. Makala ya herufi 54,000 ni kurasa 30 kwa hesabu ya kwanza na 36 kwa ya pili; kwa euro 6 kila ukurasa, tofauti ni euro 36. Andika idadi ya herufi kwenye makubaliano. Andika pia kama unasahihisha tahajia na sarufi tu au unazipanga upya hadi aya, kwani hizo ni kazi mbili zenye bei mbili.

"Mwanafunzi anaweza kuhariri kimyakimya, ni kazi ya mtandaoni." Hapana. Viza ya masomo huruhusu kuajiriwa siku 140 kamili kwa mwaka, lakini kujiajiri kunahitaji kibali cha ofisi ya wageni. Kiombe kwanza.

"Mteja akichelewesha malipo, ni kuvumilia tu." Ankara ikiiva, yaani muda wa kuilipa ukifika, na siku 30 zikapita tangu ipokewe, sheria huihesabu kampuni au taasisi kuwa imechelewa, nawe unaweza kudai riba ya pointi 9 za asilimia juu ya kiwango cha msingi cha riba pamoja na euro 40 za usumbufu. Kwa mtu binafsi, kama mwanafunzi wa uzamivu, kanuni hiyo ya siku 30 hufanya kazi tu ikiwa umeitaja kwenye ankara, kwa hiyo iandike chini ya jumla, juu ya namba ya akaunti.