Yanayosemwa kuhusu Claude Cahun, na yaliyotokea kweli Jersey

Picha za Claude Cahun, msanii na mwandishi wa Kifaransa, zinazunguka sana mitandaoni: kichwa kimenyolewa, uso umejaa poda, na ile maarufu zaidi ya 1927, ameshika vyuma vya kunyanyua kama mbabe wa sarakasi huku mioyo imechorwa mashavuni. Maelezo yanayoandikwa chini yake mengine ni ya kweli, mengine ya kuokoteza.

"Alikuwa mpiga picha mashuhuri wa Paris."

Paris ilimjua kwa kalamu. Alizaliwa Nantes, Ufaransa, mwaka 1894, akaitwa Lucy Schwob. Baba yake alikuwa na gazeti, na baba yake mdogo, Marcel Schwob, alikuwa mwandishi mwenye jina. "Cahun" alilitoa kwa bibi yake mzaa baba, "Claude" akalichagua kwa kuwa ni jina la kike na la kiume vilevile. Kitabu chake kikubwa, *Aveux non avenus*, kilitoka 1930, na humo anasema wazi kwamba kuwa mwanamume au mwanamke hutegemea hali; kinachomkaa vizuri siku zote ni kutokuwa huku wala kule. Kwa hiyo wanaodhani mambo haya yameanza juzi na simu za mkononi, wahesabu upya. Picha zenyewe nyingi zilikaa nyumbani. Umaarufu wake ulikuja miaka ya 1990, karibu miaka 40 baada ya kifo chake.

"Alifanya yote peke yake."

Hili ndilo linalonikera zaidi. Suzanne Malherbe, aliyetumia jina la Marcel Moore, alikuwa mchoraji na mwenza wake tangu ujana. Mwaka 1917 baba wa mmoja alimwoa mama wa mwingine, hivyo kwa macho ya watu wakawa ndugu wa kambo, wanaishi pamoja bila maswali. Picha nyingi tunazoziita za Cahun zilihitaji mtu nyuma ya kamera, na kuna ambazo kivuli cha huyo mtu kimeingia kabisa kwenye fremu. Na huko mbele tutaona kwamba bila Kijerumani cha Moore hakungekuwa na harakati zozote za kusimulia.

"Walikimbilia Jersey kuwakwepa Wanazi."

Jersey ni kisiwa kilicho chini ya Taji la Uingereza, karibu na pwani ya Ufaransa. Walihamia 1937, vita havijaanza, wakanunua nyumba eneo la St Brelade, jirani na kanisa na makaburi yake. Wajerumani waliingia kisiwani Julai 1940, baada ya Uingereza kuondoa majeshi yake. Maelfu ya wakazi walipanda meli wakaondoka. Hawa wawili wakabaki.

"Upinzani wao ulikuwa mzaha wa wasanii, si vita."

Hebu tuangalie walichokifanya. Usiku walisikiliza BBC, jambo ambalo baadaye lilikuwa kosa, maana mwaka 1942 redio zilikusanywa kisiwa kizima. Habari walizozipata, hasa za Wajerumani kupigwa huku na kule, walizigeuza kuwa mashairi, mazungumzo ya kubuni na vijembe. Moore akavitia katika Kijerumani, vikapigwa taipu kwenye karatasi nyembamba. Mwisho wa karatasi palikuwa na sahihi: *Der Soldat ohne Namen*, yaani askari asiye na jina.

Ujanja wote uko kwenye sahihi hiyo. Askari anayeokota karatasi ya adui huitupa. Anayeokota karatasi ya askari mwenzake aliyechoka na vita huisoma mpaka mwisho, kisha anaanza kuwatazama wenzake bwenini: ni nani kati yetu? Cahun alikuwa ametumia miaka 20 kujigeuza watu wengine mbele ya kamera. Sasa akamvaa mtu ambaye jeshi zima lingeshindwa kumwona.

Karatasi hizo zilipenyezwa kwenye mifuko ya makoti, ndani ya magari, kwenye paketi za sigara na katikati ya magazeti ya Kijerumani. Waliandika "vita vikome" kwenye sarafu kwa rangi ya kucha. Kanisani walitundika bango lililosema Yesu ni mkubwa lakini Hitler ni mkubwa zaidi, kwani Yesu alikufa kwa ajili ya watu, na watu wanakufa kwa ajili ya Hitler. Polisi wa siri wa jeshi walihangaika miaka wakitafuta mtandao. Mabibi wawili wa makamo, mmoja anayetembeza paka kwa kamba, hawakuwaingia akilini.

"Walikamatwa kwa ajili ya mapenzi yao, au Uyahudi wa Cahun."

Ni kweli upande wa baba yake ulikuwa wa Kiyahudi, na hiyo peke yake ilikuwa hatari tosha. Lakini tarehe 25 Julai 1944 walikamatwa kwa sababu ya karatasi. Wakiwa mikononi mwa Wajerumani walimeza dawa za usingizi wafe, hawakufa. Novemba mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo kwa kuwachochea askari waasi, ikawaongezea kifungo cha miaka 6 na miezi 9 kwa makosa mengine, redio ikiwemo. Ni mahakama ya namna gani inayompa mtu kifo na kifungo kwa pamoja, mimi sijui.

"Waliuawa na Wanazi."

Hapana. Viongozi wa kisiwa waliwaombea, na mapema 1945 adhabu ya kifo ikafutwa. Walitoka gerezani tarehe 8 Mei 1945, siku moja kabla ya Jersey kukombolewa, wakakuta nyumba yao imeporwa na baadhi ya kazi zao zimeharibiwa. Cahun alifariki 1954, afya ikiwa mbovu. Moore aliishi mpaka 1972.

"Ile picha ya beji ya Kinazi mdomoni ni igizo lake jingine la Paris."

Ni ya Mei 1945, Jersey, ametoka tu gerezani, na beji ile ya tai ni ya kweli, ameibana kwa meno. Anayeichanganya na zile za miaka ya 1920 ameruka vita vizima.