Je, wajua kwa nini bakteria wachache tu huweza kuharibu goti la bandia?

Mtu akijikata kidole, bakteria wengi huingia kwenye jeraha lile, na mara nyingi jeraha hupona baada ya siku chache bila dawa yoyote. Lakini bakteria wachache mno, ambao jeraha kama hilo lingewamaliza bila mwenyewe kujua, wanaweza kuharibu goti au nyonga ya bandia iliyowekwa kwa ustadi mkubwa. Sababu ni kwamba chuma na plastiki havina mishipa ya damu. Chembechembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, hufika kila mahali kwa njia ya damu, na kwenye uso wa kiungo bandia njia hiyo haipo. Mwaka 1957 watafiti wawili nchini Uingereza, Elek na Conen, walionyesha kwamba ikiwa uzi wa kushonea umo chini ya ngozi, idadi ya bakteria wanaotosha kuleta usaha hushuka kutoka mamilioni hadi mamia tu. Kama uzi mwembamba unafanya hivyo, mtu anaweza kukisia kiungo kizima cha chuma kinafanya nini.

Bakteria wakishajishikiza kwenye chuma, hujijengea utando unaonata na kujificha ndani yake, ambamo hukua polepole na kustahimili antibiotiki ambazo zingewaua kwa urahisi kama wangekuwa huru. Ndiyo maana maambukizi yaliyokomaa mara nyingi hulazimu kiungo kung'olewa na mgonjwa kupasuliwa upya. Kazi ya daktari wa mifupa, kwa hiyo, ni kuwatangulia bakteria kabla hawajapata pa kushika.

Kazi hiyo huanza wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Sukari ya damu hushushwa kwa mwenye kisukari, mvutaji sigara huombwa aache, na jino lililooza au kidonda cha mguu hutibiwa kwanza. Bakteria aina ya stafilokoka aureus, ambao ni miongoni mwa wasumbufu wakuu hapa, hukaa kimya puani mwa takriban robo ya watu. Ndiyo sababu hospitali nyingi huwapaka wagonjwa dawa puani na kuwaogesha kwa klorheksidini, sabuni ya kuua bakteria, siku chache kabla. Nywele nazo, zikilazimika kuondolewa, hukatwa kwa mashine badala ya kunyolewa kwa wembe, kwa sababu wembe huacha michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, na bakteria huzaliana humo.

Kisha huja suala la saa, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Antibiotiki, mara nyingi sefazolini, hudungwa kwenye mshipa ndani ya dakika 60 kabla ya kisu kugusa ngozi, ili wakati jeraha linafunguliwa dawa iwe tayari imejaa katika nyama na mfupa. Ikitolewa mapema mno hupungua nguvu kabla ya kazi kwisha. Ikichelewa, huwakuta bakteria wamekwisha kujishikiza. Kwenye goti kuna mtego wa ziada: madaktari wengi hufunga paja kwa mkanda unaojazwa upepo ili kuzuia damu, na mkanda ukibana kabla dawa haijasambaa, mguu unaopasuliwa ndio unaokosa dawa, hata kama mkono uliodungwa umepata ya kutosha. Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi hutamka kwa sauti kwamba dawa imeshatolewa, na timu nzima husikia kabla ya mkanda kujazwa.

Hewa ya chumba nayo ina hadithi yake. Binadamu hupukutisha vipande vidogo vya ngozi kila dakika, na baadhi yake hubeba bakteria. Daktari John Charnley, aliyeanzisha upasuaji wa kisasa wa nyonga katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, alisumbuliwa na maambukizi yaliyowapata takriban asilimia 7 ya wagonjwa wake wa mwanzo. Katika miaka ya 1960 alijenga kijumba ndani ya chumba cha upasuaji, kilichopuliziwa hewa iliyochujwa, baadaye akawavisha wasaidizi wake mavazi yenye bomba la kufyonza pumzi zao, na maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1. Hata hivyo, sifa hiyo haipaswi kupewa hewa peke yake, kwani Charnley alibadilisha mambo mengi kwa pamoja, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mifumo maalumu ya hewa hiyo isitumiwe kwa lengo la kupunguza maambukizi ya upasuaji huu. Lisilo na ubishi ni jambo la kawaida zaidi: mlango wa chumba usifunguliwe ovyo, na watu ndani wawe wachache.

Wakati wa upasuaji wenyewe, daktari huvaa glavu mbili kila mkono, na hubadilisha za juu kabla ya kushika kiungo bandia, ambacho hutolewa kwenye pakiti yake dakika za mwisho kabisa. Mgonjwa hufunikwa vizuri ili asipoe, kwa kuwa mwili uliopoa hupunguza damu inayofika kwenye ngozi. Pale kiungo kinapogandishwa kwa saruji ya mifupa, saruji hiyo mara nyingi huchanganywa na antibiotiki kama gentamisini, ambayo huvuja taratibu hapo hapo inapohitajika.

Jeraha likishapona, hatari hupungua sana, lakini haiishi. Bakteria kutoka kwenye jipu au kidonda cha mbali wanaweza kusafiri kwa damu na kulifikia goti hilo hata miaka mingi baadaye. Goti la bandia lililotulia kwa muda mrefu likivimba ghafla na kuuma, huchukuliwa kama dharura, na daktari huvuta majimaji kwa sindano na kuyapima, ikiwezekana kabla ya mgonjwa kumeza antibiotiki yoyote.